Bango la njia yetu Mjimwema, miaka miwili kwenye upepo wa chumvi

Ukiingia njia yetu ukitokea barabara ya lami ya Mjimwema, Kigamboni, Dar es Salaam, kushoto kwako kuna bango la kijani lenye maandishi meupe: KARIBU, kisha NJIA YA MINAZINI, na chini kabisa kwa herufi ndogo, Nyumba 1 hadi 58. Liliwekwa Juni ya mwaka juzi. Limekula kusi tatu na masika mbili. Jana asubuhi nililipangusa kwa kitambaa kibichi, nikalikagua mbele, nyuma na miguuni, ndipo nikakaa kuandika haya kuhusu bango lenyewe na karakana ya Keko iliyolitengeneza.

Ni bango letu la tatu. Mawili ya kwanza yalikufa mapema, na vifo vyote viwili vilinikera kwa sababu ningeweza kuvitabiri kama ningeulizwa. Nimepaka rangi maboti na matishari kwa miaka 22. Chumvi naijua inapoingilia. Haianzii usoni pa kitu, pale palipopakwa rangi tatu na kung'arishwa. Inaanzia kwenye tundu la bolti, kwenye ukingo uliokatwa na grenda, nyuma ambako hakuna anayepita, na mguuni penye unyevu. Wengi tunapochagua bango tunabishana kuhusu uso wake: rangi gani, nembo gani, tuweke mnazi au tusiweke. Nyuma na miguuni anaachiwa fundi afanye anavyojua.

La kwanza lilikuwa fleksi. Kile kitambaa cha plastiki kinachochapwa kwa mashine na kuvutwa kwenye fremu ya bomba la mraba la inchi moja. Ni rahisi, na kwa tangazo la mkutano wa wiki mbili sina neno nacho. Lakini neno KARIBU lilichapwa kwa wino mwekundu, na nyekundu ndiyo hutangulia kufa juani. Mwezi wa sita lilikuwa waridi, mwezi wa tisa halisomeki tena, pakabaki jina la njia kwa rangi nyeusi. Julai kusi ilipokaza, vijana wakakata matundu ya nusu mwezi ili upepo upite, na kila tundu likawa mwanzo wa mchaniko. Fremu nayo ilikuwa imeachwa wazi juu ya mabomba, mvua ikaingia ndani, kutu ikatokea chini kwenye maungio.

La pili nililipenda, na bado nasikitika nikilikumbuka. Bati la chuma lililoandikwa kwa mkono na mchora mabango wa Mbagala, mtu mwenye mkono uliotulia. Herufi zake zilikuwa na kivuli upande wa kulia, kila moja imesimama mahali pake. Rangi ya mafuta ya mbele ilikuwa bado nzima siku bango lilipoanguka. Nyuma walipaka praima nyekundu peke yake, mkono mmoja, na praima ni koti la ndani, haijatengenezwa kukaa mvuani. Miguu ilisimikwa kwenye zege lililoishia usawa wa ardhi, hivyo kila mvua iliacha kidimbwi kidogo kuzunguka chuma, na mbwa wa mtaa nao walifanya yao hapo kila siku. Baada ya miezi 14 mguu mmoja ulikatika pale pale penye kifundo. Tulililaza kando ya ukuta tukingoja fundi. Siku ya pili alfajiri halikuwepo. Kilo za chuma zile zilikwenda kwenye mizani ya vyuma chakavu, sina shaka.

Wiki saba zilizofuata hatukuwa na bango lolote. Katika wiki hizo, usiku mmoja wa mvua, mke wa jirani yangu fundi cherehani alishikwa na uchungu. Dereva aliyeitwa kwa simu alipita mdomo wa njia yetu mara tatu, akaingia njia ya jirani, akakwama kwenye tope. Mimi na mumewe tulikimbia hadi barabarani na tochi ya simu kumpungia. Mtoto alizaliwa salama hospitalini, ni msichana, sasa anatembea. Zile dakika arobaini sitazisahau, na ndizo zilizonifanya nisimame kwenye kikao cha mtaa na kusema kwamba safari hii naomba kusimamia mwenyewe. Mwenyekiti akasema, "Mzee, wewe unajua kutu. Nenda." Tulichangishana shilingi 20,000 kwa nyumba. Nyumba 47 zilitoa, tukapata 940,000.

Nilizunguka sehemu tatu. Kwenye duka moja la uchapishaji Kariakoo niliulizwa maswali mawili, ukubwa na rangi, nikapewa bei kabla sijakaa. Sikurudi. Kisha nikaenda kwa wachonga mawe, wale wanaotengeneza majiwe ya makaburi na meza za jikoni. Hapa nilikaa nusu siku, maana jiwe lina heshima yake. Graniti iliyochongwa herufi za kuzama, zikajazwa rangi nyeupe, itatuzika sote. Marumaru wenyewe walinishauri niiache kwa mahali pa wazi, hunyonya maji na kupauka. Lakini jiwe linataka ukuta wa kulibeba, na ukuta wa karibu na bahari una mitihani yake: ukijengwa kwa mchanga wa pwani wenye chumvi, plasta inavimba na kumomonyoka, na nondo ndani inakutu mpaka inapasua zege. Bei ya jiwe na ukuta kwa pamoja ilizidi mara mbili na nusu ya mfuko wetu. Mtaa wenye uwezo, ufanye hivyo, na nondo zifunikwe na zege la sentimita tano kila upande. Sisi tuliendelea kutafuta.

Sehemu ya tatu ni karakana moja ya Keko, nyuma ya safu ya mafundi wa samani, na hii ndiyo ninayoitolea maoni. Jina silitaji, sikutumwa kuitangaza. Nataka msomaji achukue maswali yao, ayapeleke kwa fundi yeyote aliye karibu naye. Kijana aliyenipokea aliniamkia, akanipa stuli, akauliza: "Mzee wangu, linasimama wapi? Kutoka baharini ni mbali kiasi gani? Na uso wake unatazama wapi?" Nilimwambia ni kama mita mia sita kutoka ufukweni, na linatazama mashariki, linapigwa na jua tangu linapochomoza. Akaandika kwenye daftari. Katika watu wote niliowauliza bei, ni huyu peke yake aliyetaka kujua kitu hiki kitaishi wapi.

Akanitolea kipande cha alukobondi. Wengi tunaijua kwenye kuta za mbele za majengo ya mjini: ngozi mbili nyembamba za alumini na plastiki katikati, unene wote milimita 4. Nilimbana kwa maswali, naye hakuchoka. Alukobondi si moja. Ipo ambayo ngozi yake ni nyembamba kama karatasi ya sigara, ukibonyeza kwa kidole gumba inabaki na shimo, na ipo ya milimita 0.3 na kuendelea. Tofauti nyingine iko kwenye rangi ya kiwandani. Ya ndani ya nyumba hupakwa poliesta, ya nje hupakwa aina iitwayo PVDF, ambayo hustahimili jua kwa muda mrefu zaidi. Ukiulizia dukani, taja herufi hizo nne, na utake kuziona zimechapwa kwenye nailoni ya kinga iliyofunika shiti. Kwetu zilikuwepo.

Sababu nyingine iliyonivuta ni wezi. Alumini tupu inapendwa kwenye mizani kuliko hata chuma. Hii ya sandwichi ni taabu kuitenganisha na plastiki yake, mnunuzi wa chakavu haitaki. Kijana alipendekeza pia tutoboe jina la njia kwa matundu madogo upande wa nyuma, ili hata likichukuliwa lisiweze kugeuzwa mlango wa banda. Tulifanya.

Shiti moja ni mita 1.22 kwa 2.44. Bango letu ni mita 1.8 kwa sentimita 60, kwa hiyo shiti moja lilitoa vipande viwili. Kimoja kikatumika, cha pili kikafungwa nikaenda nacho nyumbani, kwa ajili ya mwisho wa juu wa njia siku mfuko ukijaa.

Herufi zilituumiza kichwa kwa hesabu. Kanuni ya mabango ya barabarani ni kwamba herufi yenye kimo cha inchi moja husomeka kwa umbali wa futi 30 hivi. Herufi za jina la njia tulizifanya sentimita 12, yaani mita 43. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo dereva ana sekunde tatu za kusoma na kuamua. Wajumbe wawili walitaka kuongeza kauli mbiu na picha ya mnazi. Niliwaonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi, nikawaomba tuiachie nafasi ile iwe tupu, na walinielewa. Jina lenyewe tuliliandika kama lilivyosajiliwa kwenye mfumo wa anwani za makazi tangu zoezi la 2022, ili kinachosomwa kwenye nguzo, kwenye simu na kwenye bango kiwe kimoja. Kabla ya hapo watu wengine waliandika Mnazini, wengine Minazi, na kila mmoja alikuwa na mgeni aliyepotea.

Stika ni ya kuakisi mwanga, na hapa ndipo pesa nyingi ilipokwenda, shilingi 190,000. Zipo za daraja la kawaida, zenye vishanga vya kioo ndani, ambazo watengenezaji kwa kawaida huzidhamini miaka 7, na zipo za daraja la juu zenye mchoro kama sega la nyuki, miaka 10. Tulichukua ya sega. Ufundi uliofuata sikuwa nimeuona. Badala ya kukata herufi nyeupe na kuzibandika juu ya kijani, walibandika stika nyeupe bango zima, kisha juu yake wakalaza utando wa kijani unaopitisha mwanga, ambao mashine ilikwisha kuukata herufi na kuzitoa. Kwa hiyo herufi zetu ni madirisha yaliyo ndani ya kijani. Hakuna herufi iliyosimama peke yake ikingoja mtoto aikwangue. Leo herufi zote 30 na tarakimu zake tatu ziko, na usiku taa za bajaji zikipiga kutoka kwenye kona, jina linawaka lote kwa pamoja. Ule usiku wa mvua tungekuwa na hili!

Miguu ni bomba la zinki la inchi mbili, yaani chuma kilichochovywa kwenye zinki ya moto iliyoyeyushwa. Utaitambua: ina rangi ya kijivu iliyofifia na uso unaokwaruza kidogo. Ile inayong'aa kama sufuria mpya imepakwa kwa umeme, na tabaka lake ni jembamba mno kwa pwani. Bomba moja la mita 6 lilikatwa miguu miwili ya mita 3, sentimita 80 zikaingia ardhini. Nilisisitiza mambo matatu, nao wakakubali yote bila kukunja uso. Juu ya kila bomba kifuniko. Zege lipande inchi nne juu ya ardhi na kichwa chake kichongwe mteremko, maji yateleze yaende zake. Na kusiwe na kuchomelea popote palipowezekana kutumia bolti, maana moto wa kuchomelea huunguza zinki, na moshi wake humpa fundi homa usiku. Mahali pawili tu palichomewa, tukapapiga msasa na kupapaka rangi yenye zinki mikono miwili.

Bolti ni stenlesi. Na stenlesi nayo si moja, sumaku haitakusaidia kuzitofautisha. Tazama kichwa cha bolti: iliyogongwa A2 ni ya kawaida, A4 ni ya baharini, imetiwa molibdeni, metali inayoikinga na chumvi. Nilizozoea kwenye maboti ni A4, nikazidai, tukaongeza shilingi 14,000. Kati ya bolti na alumini panawekwa washa ya nailoni, kile kipete chembamba cha kutenganisha, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi moja humla mwenzake, na kwa kawaida anayeliwa ni alumini. Matundu kwenye bango yawe mapana kidogo kuliko bolti. Alumini hutanuka: bango la mita 1.8 likipanda kutoka nyuzi 25 za alfajiri hadi 65 za mchana hurefuka karibu milimita 1.7. Ukilibana kwenye matundu ya kukaza, litavimba katikati kama tumbo.

Sasa makosa yao, maana yapo. Walichelewa siku tisa. Walinieleza mashine ya kukatia stika ilikuwa mbovu, lakini walinieleza nilipopiga simu mimi, siku ya nne baada ya ahadi, wakati tayari nimekodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na kulipa nusu. Kwa mtu anayetunza pesa za majirani, ukimya huo ni mzito. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuomba subira.

La pili ni kubwa zaidi kwa macho yangu. Bolti ni nane. Mwezi wa tano baada ya kusimika niliona chozi la kahawia likishuka kutoka kwenye bolti mbili za chini kushoto. Nilizifungua nikakuta washa za chuma cha kawaida. Nadhani nailoni ziliwaishia wakaona mbili hazitaonekana. Chini yake alumini ilikuwa imeanza kutoa unga mweupe. Nilipiga simu, yule kijana akavuka daraja la Kigamboni mwenyewe Jumapili kwa pikipiki na washa mfukoni, akasafisha, akabadilisha, akaomba radhi mbele ya mwenyekiti. Hakutaka hata nauli. Doa dogo limebaki na halijaendelea.

La tatu limeonekana mwaka huu. Kona moja ya juu, ile inayopokea kusi, utando wa kijani umenyanyuka kama upana wa ukucha. Kona zetu zilikatwa kali, na kona kali ndiyo upepo huanza nayo. Nimeigandamiza na kuipaka gundi ya kuzibia ukingo, nitaitazama.

Yaliyobaki nayasema kwa haraka. Kusimika walimaliza asubuhi moja, vijana watatu, na wakasubiri zege lishike kabla ya kufunga bango, wakarudi siku ya nne. Ruhusa tuliifuatilia sisi wenyewe: barua ya mtendaji wa mtaa, kisha TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa sababu nguzo yetu iko kwenye hifadhi ya barabara. Ilichukua wiki tatu. Ianze mapema, kabla ya kulipa mtu yeyote. Gharama yote, pamoja na kirikuu, tozo ya daraja na saruji, ilifika 895,000, na risiti zimo kwenye faili la mtaa kwa atakaye kuziona.

Ningewapa nne kati ya tano. Wangepata tano kama wangepiga simu siku ya kwanza ya kuchelewa.

Kile kipande cha pili bado kiko stoo kwangu, kimefungwa kwenye blanketi. Mchango wa mwisho wa juu wa njia umefika nyumba 39, na juzi nilivuka kwenda Keko kuweka oda kwa yule yule kijana. Tumeandikiana kwenye daftari lake: kona ziviringwe kwa kipimo cha kifuniko cha soda, utando ukunjwe kuzunguka ukingo hadi nyuma, tarehe iwe baada ya vuli, na washa za nailoni nane nitazihesabu mimi mwenyewe karakanani kabla kirikuu haijawashwa.